Chura wa Kibushi na Hadithi za Rungwe

Mwaka 1991 Mkongo mmoja alimaliza filamu fupi kuhusu chura anayekwenda ukweni. Ni filamu ya dakika nane hivi, na wahusika wake ni vipande vya karatasi vilivyokatwa na kusogezwa kwa mkono chini ya kamera, kidogo kidogo, mpaka vikaonekana vinatembea vyenyewe. Aliyeitengeneza anaitwa Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Wanaoandika historia ya sinema ya Afrika huitaja kuwa filamu ya kwanza ya uhuishaji kutengenezwa na Mkongo.

Naandika habari zake nikiwa Tukuyu, wilayani Rungwe, mbali na Kinshasa, kwa sababu chura yule angepokewa vizuri sana huku. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na masharti mazito ya ukweni. Mkamwana hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, na akimwona kwa mbali ilimpasa aache njia, ajifiche mpaka mzee apite. Watu waliolelewa na miiko ya namna hiyo hawahitaji kuelezwa kwa nini safari ya kwenda kwa wakwe ina vicheko na woga kwa pamoja. Hadithi ni ya Watetela wa Kongo, lakini bibi wa Masoko au wa Kyimbila angeidaka katikati na kuimalizia.

Kibushi alizaliwa mwaka 1957 Lubefu, katika nchi ya Sankuru, katikati ya Kongo. Huko ndiko kwa Watetela, kabila alilotoka Patrice Lumumba. Alikwenda Kinshasa kusomea sanaa za maonyesho katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa, kwa hiyo kabla ya kushika kamera alikuwa mtu wa jukwaani, mtu anayejua msimulizi anavyogeuza sauti akiwa fisi na anavyoigeuza tena akiwa sungura. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alijifunza uhuishaji kwa wasanii wa Atelier Graphoui, karakana ya Brussels iliyokuwa ikifundisha kwa vitendo: leo unapewa mkasi na karatasi, kesho una picha zinazocheza. Mwaka 1988 akaanzisha studio yake, Malembe Maa, na akaifanya iwe ya kuhamahama. Haikuwa jengo la kwenda kuomba kazi. Ilikuwa vifaa vinavyobebeka, watu wachache, na nia ya kufanya sinema pale watu walipo.

Hebu tuangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi wetu tumeona katuni maisha yetu yote bila kujua jasho lililomo. Uhuishaji wa aina hii, ambao wataalamu huuita stopu-mosheni, hauchorwi kwenye kompyuta. Kuna kitu halisi mezani: kikaragosi cha udongo, mwanasesere wa kitambaa, au karatasi yenye viungo vilivyofungwa kwa uzi. Unakipiga picha moja. Unakisogeza kidogo. Unapiga nyingine. Sinema hupitisha picha 24 kila sekunde, na kwa kawaida kila mkao hupigwa picha mbili, kwa hiyo sekunde moja inadai mikao 12. Dakika moja ni mikao 720. Filamu ya dakika nane ni mikao 5,760, na kila mmoja umepita kwenye vidole vya mtu.

Sasa mweke chura mezani umrushe. Mkao wa kwanza ametulia. Wa pili makalio yameshuka kwa unene wa ukucha. Wa tatu yameshuka zaidi, kifua kinakaribia meza, macho yamefumba nusu. Wa nne haujasogea sana, na hapo ndipo fundi mchanga hukosea, akidhani anapoteza picha. Kumbe ni pale chura anapokusanya nguvu. Wa tano miguu ya nyuma imenyooka na mwili umekwisha ruka umbali wa vidole vinne, umening'inizwa kwa waya mwembamba ambao baadaye utafutwa. Karibu na kilele cha mruko nafasi kati ya mkao na mkao inapungua tena. Akitua, tumbo linabonyea, kisha linarudi. Anayemsogeza chura kwa kipimo kilekile mwanzo hadi mwisho atapata kitu kinachoteleza kama sabuni. Uzito wa kiumbe unatokana na jinsi nafasi hizo zinavyopishana, na hilo halifundishwi na programu yoyote. Linafundishwa na kumwangalia chura wa kweli, na Tukuyu yenye mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka haina upungufu wa vyura.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kazi ya siku nzima. Udongo wa mfinyanzi ukikaa chini ya taa hukauka na kupasuka, ndiyo maana mafundi hutumia plastisini, yenye mafuta ndani yake, na humwekea kikaragosi mifupa ya waya ili asilegee. Mwanga wa dirishani haufai kabisa. Wingu likipita juu ya mlima Rungwe, chumba kinafifia kwa nukta chache, na kwenye filamu nukta hizo zinakuwa kimulimuli kinachoumiza macho. Kwa hiyo dirisha linazibwa, taa zinafungwa mahali pamoja, stendi ya kamera inabanwa sakafuni. Hata nguo za fundi zina kanuni: avae za rangi ya giza, maana shati jeupe hurudisha mwanga juu ya kikaragosi, na akisimama upande mwingine mwanga unabadilika. Umeme ukikatika katikati ya tukio, kikaragosi kinabaki na mguu mmoja juu, na mtu anakaa gizani akiomba asipite paka mezani.

Mmarekani Ray Harryhausen, aliyeishi kati ya 1920 na 2013, alitumia zaidi ya miezi minne kuhuisha pigano la mifupa saba kwenye filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963. Pigano lenyewe linapita kwa dakika chache tu. Anayechuma chai Katumba ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko mtu wa mjini: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kikapu kinajaa ingawa hakuna mchumo mmoja unaoonekana kukijaza.

Kibushi hakubaki kwenye hadithi za wanyama. Septemba 1991 askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ambao hawakuwa wamelipwa mishahara waliingia mitaani Kinshasa na kupora, raia wakafuata, na mji ukaachwa umevuliwa nguo. Yeye akawaendea watoto. Michoro yao kuhusu siku zile ndiyo aliyoihuisha katika filamu yake kuhusu Septemba nyeusi ya Kinshasa, iliyotoka mwaka uliofuata. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake ya kijasiri kuliko zote. Picha za televisheni za uporaji zinafanana kila nchi: moshi, watu wanakimbia na magodoro. Mtoto aliyechora askari mkubwa kuliko nyumba amekwambia ukubwa wa hofu, na kamera ya habari haina njia ya kuupima. Msanii mwingine angechora mwenyewe kwa ufundi zaidi. Yeye aliiacha mistari ya watoto ilivyo, akaipa mwendo.

Mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, filamu ya dakika 14 kuhusu mtoto wa mitaani wa Kinshasa anayemwokoa waziri katika ajali ya gari. Mwaka 2004 ikafuata Prince Loseno, kazi ya vikaragosi inayokaribia nusu saa. Nusu saa! Rudi kwenye hesabu ya mikao 720 kwa dakika uone ni nini mtu huyo alijitwika. Kati ya chura wa karatasi na mwana mfalme yule ilipita miaka 13, na katika muda huo maisha yake yaligawanyika kati ya Kongo na Ubelgiji, maana fedha, maabara na matamasha yanayonunua filamu za namna hii viko Ulaya zaidi. Wasanii wengi wa Afrika wanaijua safari hiyo. Kinachonivutia kwake ni kwamba mada haikuhama pamoja na anuani. Aliendelea kutengeneza filamu za Kongo, kuhusu Wakongo, na kuwafundisha vijana kazi hiyo.

Na hakuwa wa kwanza kuhuisha hadithi za Kongo, ila alikuwa wa kwanza kuzihuisha akiwa mwenyeji. Katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji, Alexandre Van den Heuvel, alitengeneza katuni za Mboloko, swala mdogo mjanja wa hadithi za msituni, ili waonyeshwe Wakongo. Tanganyika nako kulikuwa na jambo linalofanana na hilo. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema za kuwaelimisha Waafrika, wakapiga filamu 35 na kuzizungusha kwa gari kutoka wilaya hadi wilaya. Kila mara kulikuwa na gari, projekta na pazia jeupe, na kila mara aliyeamua wananchi waambiwe nini alikuwa mgeni. Kibushi alichukua njia ileile ya kuwafuata watu walipo, akabadilisha msimulizi.

Karibu zaidi na sisi kuna mfano unaoniuma kidogo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianzisha mtindo wake wa uchoraji Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli na vipande vya mbao, akafariki mwaka 1972. Mwaka 2010 mtindo huo ulionekana duniani kote kupitia katuni za Tinga Tinga Tales, zenye hadithi za kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini kobe ana gamba lililopasuka. Uhuishaji ulifanyika Nairobi, katika studio ya Homeboyz, chini ya kampuni ya Uingereza. Vijana wa Kenya waliifanya kazi ile kwa ustadi na walistahili kila sifa waliyopata. Lakini mtindo ulikuwa wa Dar es Salaam, na ulipofika wakati wa kuuhuisha, hapakuwa na karakana ya kwetu iliyokuwa tayari. Miaka michache baadaye Ubongo Kids ilianza kuonekana TBC1, mwaka 2014, na ikathibitisha kuwa katuni za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam zinaweza kuwashika watoto wa nchi nzima. Hizo ni za kompyuta. Uhuishaji wa mikono, wa udongo na karatasi, bado unasubiri.

Mtu anaweza kusema kazi hii inahitaji mji mkubwa. Moustapha Alassane wa Niger anampinga. Alizaliwa mwaka 1942, akafanya kazi ya umekanika, akajifundisha kuchora na kukata picha, kisha akapata nafasi ya kwenda Kanada kujifunza kwa Norman McLaren, mmoja wa mabingwa wakubwa wa uhuishaji duniani. Mwaka 1966 akatoa Bon voyage, Sim, kuhusu rais wa nchi ya vyura anayekwenda ziara ya kiserikali, mapokezi na hotuba na magari, halafu anarudi nyumbani na kukuta mambo yamegeuka. Mwaka 1977 akatengeneza Samba le Grand kwa vikaragosi, na mwaka 2001 Kokoa, ambamo wanyama wadogo wanapigana mieleka ya jadi ya Kiniger mbele ya mashabiki. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Tahoua, mji wa pembezoni mwa jangwa, na alifariki mwaka 2015. Vyura tena! Sijui mnyama mwingine aliyepewa nafasi kubwa hivyo na waanzilishi wawili wa Afrika waliotenganishwa na maelfu ya kilometa.

Turudi Rungwe basi, tuangalie kilichopo. Siku za soko vyungu vya Wakisi hupanda kutoka Ziwa Nyasa. Akina mama wa Ikombe huvifinyanga, huvisafirisha kwa mtumbwi hadi soko la Matema, na vingine hufika mpaka Tukuyu na Mbeya. Watu wanaoweza kuinua ukuta wa chungu kwa vidole, ukatoka mwembamba na sawa pande zote, hawana cha kufundishwa kuhusu kufinyanga uso wa kikaragosi. Mianzi ipo kila bonde. Magome ya mgomba yaliyokauka, ambayo watoto hutengenezea mipira na wanasesere, yanakatika, yanakunjika, na yana rangi ambazo duka la karatasi haliuzi. Wasafiri wa karne ya 19 walizisifia nyumba za Wanyakyusa kwa ufundi wa mianzi na udongo. Mandhari ya filamu yangeweza kujengwa juu ya meza kwa vitu vilevile vilivyojengea nyumba zile.

Hadithi nazo zipo, ila hizo zina haraka. Kalulu, sungura mjanja, alikuwa anasimuliwa jioni karibu na moto. Moto ule sasa umechukuliwa na simu, na mabibi wenye nyimbo za katikati ya hadithi wanazidi kupungua. Kuna habari za Lwembe wa Lubaga, shujaa wa kale ambaye wazee walikwenda kumwomba mvua na rutuba. Kuna ziwa Ngozi, ambalo wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walificha mali ndani yake. Kuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, ambalo kila mtoto aliyewahi kupelekwa kulitazama amejiuliza nani alilitandika.

Halafu kuna kipunji. Nyani huyu mwenye manyoya marefu na shungi kichwani aliishi kwenye msitu wa mlima Rungwe bila wanasayansi kumjua mpaka mwaka 2003. Watafiti walifuata maneno ya wawindaji wa Kinyakyusa waliokuwa na jina lake tayari. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, inayobeba jina la mlima wetu. Ni nadra kumpiga picha, maana anakaa juu ya miti kwenye ukungu, na wamebaki wachache. Watoto wengi wa Tukuyu watamaliza shule bila kumwona. Kikaragosi cha waya na manyoya ya sufi kingeweza kuwaonyesha anavyokaa, anavyomlisha mwanawe, na anavyolia ule mlio wake wa ajabu ambao watafiti waliulinganisha na kubweka kwa honi. Hapa uhuishaji ungefanya kazi ambayo kamera ya kawaida haiiwezi kirahisi.

Hata watazamaji wameandaliwa. Banda umiza limekuwa sinema ya watu wa kawaida kwa miaka mingi: benchi za mbao, televisheni moja, na filamu ya Kihindi au ya Kichina yenye sauti ya mtu anayesimulia juu yake kwa Kiswahili. Lufufu alijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Alikuwa anaeleza, anachekesha, anamwonya mhusika asifungue mlango. Wasomi waliwahi kulibeza jambo hili, na nadhani walikosea. Mtu aliyekaa kwenye benchi lile amezoea filamu yenye msimulizi, na hadithi za kwetu zimesimama juu ya msimulizi. Filamu ya Kalulu ya dakika mbili, yenye sauti ya bibi akisimulia Kinyakyusa na nyingine ya Kiswahili, isingekuwa ngeni pale hata kidogo.

Gharama za kuanza nazo zimeshuka. Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art mjini London. Ni filamu ya dakika saba hivi kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi, na ndani yake kuna michoro iliyochanganywa na watu halisi waliopigwa picha mkao kwa mkao kana kwamba wao wenyewe ni vikaragosi. Ilizunguka matamasha ya dunia na kushinda tuzo. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni za Kiafrika uliotolewa na Disney. Yeye alipita chuo kikubwa, lakini mbinu ya kumhuisha mtu wa kweli kwa picha za kukatakata haidai chuo. Inadai simu yenye kamera nzuri, stendi isiyotikisika, programu ambayo hupatikana bure, na rafiki mwenye subira ya kusimama kwa mguu mmoja.

Kinachokosekana ni mtu wa kulipia muda. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha njema, na bodaboda, kuku na matofali mengi yametokana nazo. Lakini kikundi cha filamu kikifika kwa ofisa kinaulizwa marejesho yataanza lini, na jibu la kweli ni kwamba filamu haitagi mayai baada ya miezi mitano. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, lipo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar lililoanza mwaka 1998, na ipo taasisi ya sanaa, TaSUBa, kule Bagamoyo. Zote ziko mbali na kijana wa Kiwira mwenye udongo mkononi. Ningependa halmashauri ya Rungwe ijaribu kikundi kimoja tu, kwa ruzuku ndogo badala ya mkopo, na shule za sekondari zifungue chumba kimoja wakati wa likizo.

Hesabu yake inajulikana. Hadithi ya dakika mbili ni mikao 1,440. Vijana watano wakipiga mikao 60 kwa siku, mmoja kwenye kamera, wawili kwenye vikaragosi, mmoja kwenye taa na mmoja akiandika namba za mikao ili wasipotee, watamaliza kwa siku 24, yaani wiki nne bila kufanya kazi Jumapili. Mianzi, udongo na magome ya migomba ni vya kuokota. Gharama kubwa itakayobaki ni chakula cha vijana hao kwa wiki hizo nne na nauli ya bibi atakayekuja kuweka sauti, na karatasi yenye hesabu hiyo inatosha kumpelekea ofisa maendeleo ya jamii Jumatatu asubuhi.